Kikombe cha Kuonja

Sikuanza kunywa kwa sababu ya huzuni, wala sikufuata marafiki wabaya. Nilianza kwa adabu. Ninaliweka hilo mbele kwa sababu najua wako wanaosoma hapa huku mikono yao inatetemeka, na watu wa nyumbani wamekwisha kuwaambia kwamba hawana haya. Mimi nilikuwa na haya tele, nayo ndiyo iliyonimaliza.

Kwetu Likasi, mji ambao siku zile wazungu waliuita Jadotville, mtu akikupa kinywaji huanza yeye. Anamimina, anakunywa kidogo mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kikombe. Ni njia ya kusema kwamba hamna sumu humu, na sina neno nawe. Mwenye nyumba asiyeonja amewatukana wageni wake. Na mimi sikuwa mwenye nyumba tu, nilikuwa mpishi wa lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayotoka tone kwa tone kwenye bomba. Mama yangu mdogo ndiye aliyenifundisha, na sitawadanganya, nilikuwa hodari. Pipa langu lilikaa nyuma ya nyumba, bomba la shaba likipita ndani ya beseni la maji baridi, na wanaume wa kambi ya wafanyakazi walipotoka kazini waliijua njia bila kuelekezwa. Mume wangu, Ilunga, alifanya kazi kwenye tanuru za shaba. Watu walituita Baba Feza na Mama Feza, kwa jina la binti yetu wa pekee, aliyekuwa na miaka saba.

Zamani nilionja mara moja kwa siku, chupa ya kwanza ikitoka. Tone kwenye ulimi, basi. Kisha Katanga ikajitenga. Ikapandisha bendera mpya yenye misalaba ya shaba, na watu waliokaa kambi moja miaka kumi wakaanza kuulizana wametoka wapi. Wasanga, Waluba wa kaskazini, Walamba, watu wa Kasai, wote walikuwa wakichota maji kwenye bomba moja, na sasa kila mmoja alimtazama mwenzake mkononi kwanza kabla ya kumtazama usoni. Habari za watu waliolishwa sumu zilizunguka kila siku. Sikuwahi kumjua hata mmoja aliyekufa kwa sumu hiyo, lakini mimi nilikaribia kufa kwa hofu ya wateja, kwa sababu kila mteja sasa alitaka nionje chupa yake mwenyewe.

"Mama Feza, onja kwanza."

"Nilisha kuonja ya Baba Monga. Ni pipa moja."

"Ile ni ya Baba Monga. Minye nakunywa iyi. Onja."

Nikionja kidogo, hawakuridhika. Walinitazama koo. "Ongeza, mama," walisema. "Ongeza." Nami nikaongeza, maana kukataa ilikuwa ni kukiri.

Tone likawa funda, funda likawa kikombe. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa naamka na kiu ambayo maji hayakuiondoa. Nilionja pipa likiwa baridi. Nilionja pasipo na mteja, nikijiambia kwamba napima kama ya jana bado nzuri. Ya jana ilikuwa nzuri siku zote.

Mwili ulitoa habari kabla mdomo haujakubali. Miguu ilivimba, viatu vikanikataa. Macho yakawa manjano. Asubuhi sikuweza kufunga kitenge kwa mikono yangu mpaka nimekunywa, na nikisha kunywa mikono ilitulia kabisa, jambo nililolichukua kuwa dalili ya uzima. Halafu tumbo likaanza kukua.

Wanawake walipoliona pale bombani walipiga vigelegele. Mama Odile, mkubwa wa akina mama Wakatoliki wa kambi yetu, alinishika mabega akalia machozi ya furaha. "Miaka saba, Mama Feza! Mungu alikukumbuka!" Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake niliweka mkono tumboni nikatabasamu. Wiki ile ile aliniletea kitambaa cha kumbebea mtoto, cheupe, ambacho alikidarizi ukingo mwenyewe. Nikakipokea kwa mikono miwili. Katika ugonjwa wangu wote hakuna nililofanya linalonichoma kama hilo, isipokuwa moja.

Hilo moja nilifanya Jumamosi asubuhi, mvua za mwaka wa pili wa kujitenga zikiwa zimepamba moto. Alikuja mteja nisiyemjua, mtu wa kambi nyingine. Nilikuwa nimetapika tangu alfajiri na sikuweza kuisogeza chupa mdomoni. Yeye alikataa kuichukua mpaka mtu wa nyumba ile aonje. Feza alikuwa anacheza mlangoni. Nikamwita. Nikampa kikombe nikamwambia, "Onja kidogo, baba huyu aone." Mtoto alinusa, akanitazama, akanywa kwa sababu mama yake ndiye aliyempa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Yule mtu akaridhika, akachukua chupa yake akaenda zake.

Nilipoinua kichwa, kwenye pembe ya nyumba alikuwa amesimama wifi yangu Leoni, dada mkubwa wa Ilunga. Alipika kwenye misheni kule Mulungwishi na kila alipokuja kwetu hakuja mikono mitupu. Siku hiyo alibeba mfuko wa karanga. Hakupiga kelele. Aliweka mfuko chini, akamwinamia Feza, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

"Nilikuya na karanga," alisema. "Sasa nitarudi na mutoto."

"Wifi, nisikilize kidogo."

"Nisikilize nini? Mutoto wa ndugu yangu unamufanya kikombe ya kuonjea! Minye Leoni, siwezi tena kunywa hata maji mu hii nyumba."

Kwetu sisi watu waliooana, neno hilo ni zito. Asiyekunywa maji yako amekukata. Feza aliondoka naye kwa gari moshi la mchana. Ilunga alirudi kutoka kazini, akaelezwa, akakaa kwenye kiti na kofia yake ya chuma kichwani mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. Nilingoja anipige au anifukuze. Alisema tu, "Na minye nilivaa viatu lile pipa lilinunua. Nitakuambia nini?"

Siku ile sikuonja. Nilikunywa waziwazi, kwa makusudi, nikimwita mtoto wangu.

Zahanati ya kambi ilikuwa na mabenchi mawili marefu yaliyopakwa rangi ya kijani. La kushoto lilikuwa la wagonjwa na la kulia la wenye mimba. Kama na wewe umekwisha kukaa kwenye benchi la namna hiyo, unajua kwamba kungoja kuna aibu yake, maana kila anayepita anakusoma. Mimi nilikwenda kukaa kulia. Siku tatu mfululizo nilikaa kati ya wajawazito wa kweli, tunaulizana miezi mingapi, na kila nilipokaribia kuitwa nilinyanyuka nikarudi nyumbani.

Siku ya nne muuguzi alitoka mwenyewe. Aliitwa Joseph, mtu mwembamba wa Kasai, ambaye wote tulimwita Dokta ingawa alitukataza. Aliinama sikioni mwangu ili wengine wasisikie.

"Mama, kuya upande hii. Humo hamuna mutoto, ni maji."

Nilikuwa najua. Hata hivyo nililia kana kwamba ndiyo kwanza naambiwa, na nadhani yule mtoto ambaye hakuwahi kuwapo nilimzika pale pale, kwenye hatua sita za kutoka benchi la kulia kwenda la kushoto.

Miezi ile watu wengi walikuwa wameacha kunywa dawa kwa Joseph kwa sababu tu alitoka Kasai. Alipojaza kijiko dawa yangu na kuninyooshea, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Onja kwanza." Benchi zima likatugeukia. Joseph alinitazama, akakitia kijiko kinywani mwake, akameza, uso ukajikunja wote. "Mubaya sana," alisema, akajaza kingine. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Feza aondoke, na mbavu ziliniuma.

Baada ya dawa alinikalisha. "Sikia, mama. Dawa yangu ni kidogo. Utarudi kwako, na pale ku mulango bantu batakuambia onja. Minye siwezi kukaa ku mulango yako. Nani atakaa?"

Sikuwa na jina la kumpa. Basi aliwatafuta yeye. Alhamisi, wagonjwa walipokwisha, aliwakutanisha watu watatu pale pale kwenye mabenchi ya kijani. Wa kwanza alikuwa Mama Odile. Wa pili alikuwa Mama Rebeka, mkubwa wa akina mama Waprotestanti, aliyekuwa hajasalimiana na Mama Odile tangu walipogombania zamu ya maji Jumapili moja. Wa tatu alikuwa Baba Monga, kapita, yaani msimamizi, wa mstari wetu wa nyumba, Msanga, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Joseph alikaa katikati ya wale akina mama wawili, na nafasi waliyomwachia haikumtosha.

"Bakatoliki banakunywaka, njo sababu," alianza Mama Rebeka.

"Na bwana yako anakunywaka kwa Mama Feza," akajibu Mama Odile. "Anaingiaka nyuma."

Baba Monga ndiye aliyekohoa. "Bamama," alisema, akitazama viatu vyake, "shiye bote tunaingiaka nyuma."

Kamati ya Robine ilianzia kwenye maneno hayo. Tuliiita hivyo kwa sababu ya lile bomba la maji, mahali pekee ambapo wote tulilazimika kukutana, mtu akiwa wa misa au wa ibada, wa kaskazini au wa Kasai. Joseph aliwaeleza hali yangu mbele yangu bila kuificha na bila kuipamba. Alipomaliza nilimgeukia Mama Odile nikamwambia kuhusu kile kitambaa. Nilisema kwamba hakuna mtoto, kwamba nilimdanganya, kwamba nitakirudisha.

"Nilijua tangu zamani," alisema. "Nilizaa nane, minye. Kitambaa kikae."

Ilunga alilikata bomba la shaba kwa mkono wake. Alitumia msumeno wa kazini na jasho lilimtoka, na alipomaliza alilipeleka zahanati akamwonyesha Joseph vipande vyake, kwa majivuno. Pipa lilikwenda kukinga mvua nyumbani kwa Mama Rebeka. Baba Monga alisimama nyumba kwa nyumba akiwaambia wanaume kwamba kwa Mama Feza hakuna tena, na wengi walimwuliza kama na yeye anaumwa.

Siku za kwanza sitazieleza sana. Anayezijua anazijua, na ambaye bado hajazifikia nisimtishe. Nililowa jasho kwenye baridi ya mvua. Nilimwona marehemu mama yangu mdogo akipepeta mahindi juu ya dari. Lakini kila nilipofumbua macho palikuwa na mtu kitini. Asubuhi alikaa Mkatoliki, mchana Mprotestanti, na walipopishana mlangoni walisalimiana kwa ajili yangu, kwanza kwa mdomo tu, halafu wakaanza kukawia pale na kusengenya. Kwa amri ya Joseph, bukari yangu ilikuwa na mboga isiyotiwa chumvi hata chembe. Mama Odile alikula nami ile ile, akisema kwamba ni tamu, na uso wake ukimsuta.

Sasa nifike kwenye kosa letu, kosa ambalo watu wa kwetu peke yao wangeweza kulifanya. Mama Rebeka hakuwahi kugusa pombe maishani mwake, na hakuruhusu hata itajwe mezani. Lakini munkoyo kwake haikuwa pombe. Munkoyo ni uji mwepesi wa mahindi unaotiwa mizizi ya porini, na siku ya kwanza ni mtamu, watoto hunywa, wagonjwa hunywa, wachungaji hunywa. Siku ya kwanza. Mama Rebeka aliona nimekonda usoni, akaona nahitaji nguvu. Kila siku aliniletea kibuyu cha munkoyo, akafanya sala, akakiacha kando ya kitanda.

Nami nilikuwa mpishi. Nilijua kitu kinachofanyika ndani ya kibuyu siku ya pili, na siku ya tatu. Nilianza kusema nimeshiba, nitakunywa baadaye. Nilivipanga nyuma ya mlango, pale jua la mchana linapopiga ukuta. Nilikuwa navisikia vikichemka polepole, nikavifurahia kama watoto wangu. Siku ya nne nilivinywa vyote vitatu, nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kwenye ibada ya akina mama kwa Mama Rebeka kutoa ushuhuda kwamba nimepona.

Nilitoa ushuhuda kwa muda mrefu. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Mama Rebeka, nikamshukuru bwana wa Mama Rebeka kwa jina na kwa zile mara zote alizoingia nyuma. Kisha nikaimba. Kisha nikaanguka juu ya pipa langu mwenyewe, lililokuwa linakinga mvua chini ya paa lake.

Nilipoamka niko kwangu, na aliyekaa kitini ni Mama Rebeka mwenyewe. Nilidhani ananisubiri nizinduke ili anilaani, na nilisema hata kabla hajauliza. Nilimwonyesha nyuma ya mlango. Alivitazama vile vibuyu vitatu vyake, akavinusa kimoja kimoja, na uso wake wote ukabadilika.

"Ni minye njo nilikunywesha," alisema. "Mu jina ya sala."

"Hapana, mama. Wewe ulileta munkoyo. Pombe niliifanya mimi."

Tulilia wote wawili, halafu mmoja wetu akataja ushuhuda wangu, tukacheka mpaka Ilunga akaja kuchungulia. Kama umeanguka na unadhani kwamba ndio mwisho, nakuambia hivi: kuanguka kwangu kulimfanya yule mwanamke kuwa dada yangu. Sikushauri ujaribu njia hiyo. Lakini usijifiche nyuma ya mlango na vibuyu vyako.

Kamati ilikutana tena kwenye mabenchi. Waliweka sharti kwamba anayeleta munkoyo ainywe nami pale pale na aondoke na kibuyu chake. Hapo ndipo Joseph alisema jambo ambalo sisi wenyeji hatukuliona kwa sababu tulizaliwa ndani yake.

"Pombe tuliiondoa," alisema, "lakini ile kuonja ingali palepale. Kesho ataenda ku matanga, batamupa kikombe, bataangalia koo yake. Atafanya nini?"

Kumwambia mtu wa kambi wakati ule anywe bila mwenye nyumba kuonja ilikuwa ni kumwambia alale mlango wazi. Mwisho Baba Monga akasema, "Baanze kwangu."

Jumapili iliyofuata Wakatoliki walitoka misani, Waprotestanti wakatoka ibadani, wakakutana bombani. Wote tukaenda kwa Baba Monga. Mkewe alimimina maji kikombeni na hakuonja. Alikiweka mezani, akarudi nyuma. Aliyenyoosha mkono kwanza alikuwa Joseph, mtu wa Kasai ndani ya nyumba ya Msanga, katika miezi ile. Alikunywa yote, akarudisha kikombe, akasema aksanti. Nakumbuka kwamba baadaye wote tulimtazama kwa kitambo, tukiwa na wasiwasi wa kweli, naye akatuuliza kama tunangoja aanguke.

Jumapili baada ya Jumapili tulizunguka mstari mzima. Mitaa mingine ilitucheka, ikasema kwamba sisi tutazikwa pamoja kwa jeneza moja. Hakuna aliyezikwa. Kabla mvua hazijakwisha, kwenye mstari wetu mtu akisema "onja kwanza" alionekana mshamba. Wapishi wengine wa lutuku walikuwa watatu. Wawili walizima moto wao, mmoja wao akaja kukaa kwenye benchi la kijani karibu yangu. Wa tatu alihamia upande wa Kamatanda na huko anaendelea, sitaki kuwapa hadithi tamu kuliko ilivyokuwa.

Kikaja kipwa, msimu wetu wa ukavu na baridi ya asubuhi, na maji yakaanza kunitoka mwilini. Tumbo lilishuka polepole. Nililipima kwa fundo la kitenge, na siku fundo liliporudi mahali pake pa zamani niliita majirani waje waone. Viatu vikanikubali. Mama Odile alinifundisha kukaanga vitumbua, nikawa nawauzia wale wale wanaume wanapotoka kazini, na beseni nililifunika kwa kile kitambaa cheupe. Waliponitania kwamba nionje kwanza, nilionja. Kitumbua sikukiogopa.

Ilunga alikwenda Mulungwishi kila alipopata nafasi. Mimi sikualikwa. Aliporudi nilimsimamisha mlangoni kabla hajavua kofia.

"Alisema nini?"

"Leoni hakusema kitu. Feza aliuliza kama macho yako ingali manjano."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sasa ni meupe. Alisema anataka kuyaona mwenyewe."

Nilimwuliza kama Leoni alikuwapo wakati mtoto anasema hivyo. Alikuwapo. Alikuwa anachambua maharage, na aliendelea kuchambua.

Mvua ziliporudi, Joseph aliondoka. Watu wa Kasai walikuwa wanaondoka kwa makundi, na mke wake alikuwa ameacha kulala kwa hofu. Tulimsindikiza stesheni, Wakatoliki na Waprotestanti, Baba Monga akibeba sanduku lake kichwani. Nililia njia nzima ya kurudi na sikunywa. Sikujua kama mtu anaweza kulia hivyo bila pombe, mpaka mwisho, na kisha kwenda kupika. Mpaka leo sijui alifika vipi, na kila nikimeza kitu kichungu namkumbuka.

Halafu zikaja siku za ndege za vita. Baada ya Noeli kulisikika mizinga upande wa Lufira, umeme ukakatika, na askari wa Katanga wakapita mjini kwetu wakielekea magharibi, kwenye ile ile barabara ya Mulungwishi. Kisha askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, wakaingia Likasi, na watu wakasema kujitenga kumekwisha. Mimi sikusikiliza vizuri. Nilikuwa nimesimama njiani nikitazama upande ambao askari wamekwenda, kwa sababu mtoto wangu alikuwa huko.

Walifika siku ya tatu, saa nane mchana, kwa miguu. Leoni alibeba mzigo kichwani na Feza mgongoni, mtoto wa miaka minane mwenye miguu mirefu inayoning'inia. Gari moshi halikutembea. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu. Walisimama mbele ya nyumba, Leoni akamshusha mtoto, lakini hakukanyaga kizingiti. Feza alinitazama macho, jicho moja, halafu la pili.

Niliingia ndani nikachota maji mtungini. Nilitoka na kikombe kile kile, maana ndicho tulichokuwa nacho. Na pale mbele ya wifi yangu, mikono yangu ilifanya ilichozoea kufanya maisha yake yote. Ilikiinua kikombe kuelekea mdomo wangu, ili aone kwamba hamna kitu ndani. Leoni alinishika kifundo cha mkono.

"Hapana," alisema. "Leta."

"Wifi, ulisema maji ya nyumba hii..."

"Ninajua nilisema nini. Leta, nina kiu."

Alikichukua bila kunusa. Alikunywa macho yake yakiwa kwangu, taratibu, mpaka tone la mwisho, akakigeuza kikombe chini juu ili majirani wote waliotoka milangoni waone. Mama Rebeka alipiga kigelegele cha kwanza na Mama Odile akakipokea, na Ilunga, ambaye hakulia hata siku ya kuzika baba yake, alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, pale lilipokuwa pipa.

Nilijaza tena nikampa Feza. Niliona pua yake ikisogea juu ya kikombe, na nikamwacha anuse, ana haki. Kisha akakishika kwa mikono miwili akanywa mpaka maji yakamchuruzika kidevuni na shingoni. Akanirudishia kikombe kitupu.

"Ongeza, mama," alisema.

Nikaongeza.